Mzee auze nyumba ili aende hija?

Wewe uliyeuliza kama baba yako auze nyumba anayoishi hapo Ujiji ili akahiji maana anaogopa kufa na deni la Mungu, mwambie atulie kabisa. Hija ni nguzo ya tano, ni faradhi mara moja tu maishani, lkn Suratul Aal Imran aya ya 97 imeweka sharti wazi, ni kwa mwenye uwezo wa kuifikia ile Nyumba, yaani Kaaba ya Makka. Na uwezo sio nauli tu jamani, ni afya, njia kuwa salama, madeni ya watu yameshalipwa, na wanaobaki nyumbani wana chakula mpaka arudi. Paa analolalia mama yenu haliuzwi kwa ajili hiyo, wala hatakiwi kukopa.

Ila naomba msiichukulie poa. Yule mwenye maduka Mwanga na magari ya mizigo anayesema "mwakani inshallah" kila mwaka ndo wa kuambiwa ukweli, huyo imemuwajibikia na umri hausubiri, na hija njema malipo yake ni Pepo, hadithi ipo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim.

Alafu kama mzee akipata hela mwili umeshachoka bado mlango upo, Mtume s.a.w. alimruhusu mwanamke wa kabila la Khath'am amhijie baba yake aliyekuwa hawezi hata kukaa juu ya mnyama. Kwahiyo hata wewe unaweza kumhijia, ila uanze kuhiji yako kwanza.