Mtoto kashikwa na degedege, mavyaa (mama mkwe) kakataza sindano, je nimekosea kumpeleka hospitali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mie nipo Pangani, mwanangu wa miaka 3 alichemka ghafla usiku akakakamaa macho yakageuka juu. Mavyaa akasema hilo degedege, akipigwa sindano anakufa, akatuma aitwe mganga aje amfukize kinyesi cha tembo na akaweka nadhiri ya kuku mweusi kwa mzimu. Mume wangu yupo dago, kambi ya wavuvi, simu haipatikani. Nikambeba mtoto nikatoka bila ruhusa, nauli ya bodaboda kanikopesha jirani Mkristo na akatuombea pia. Hospitali wamesema malaria kali, amelazwa, leo kanywa uji alhamdulillah. Nyumbani wanasema nimeasi. Nina dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Pole sana binti yangu, Allah amponye moja kwa moja. Dhambi huna, nalitanguliza hilo ili upate usingizi hapo wodini.

Hilo la ruhusa, vitabu vyetu vya madhehebu ya Kishafi vinatoa mfano wa nyumba inayotaka kuanguka, mke anatoka hakai kungoja mume aseme toka, sasa mtoto anakakamaa mikononi mwako si zaidi ya nyumba? Na baba gani angekukataza. Ila akirudi dago mueleze wewe mwenyewe mapema, asije akayapata njiani yameshatiwa chumvi.

Mavyaa usimchukie. Huyo ameona kwa macho yake watoto wakifa baada ya sindano, kweli kaona, lakini hakuhesabu kwamba wale walifukizwa kwanza siku mbili nyumbani wakapelekwa roho ipo kooni, ikapigwa sindano saa hiyo hiyo mtoto akaondoka, lawama ikabebwa na sindano. Yule aliyechelewesha halaumiwi. Hicho kinyesi kwetu Mashafi ni najisi, na moshi wake unampa nini mtoto ambaye pumzi yenyewe anaitafuta? Ikitokea tena (Allah aepushe) mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala maji mdomoni, mkimbieni hospitali.

Mtume (s.a.w) aliulizwa na mabedui, tujitibu? Akasema jitibuni enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila kauwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, uzee. Kaipokea Usama bin Sharik, ipo kwenye vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Tirmidhi. Kwa hiyo ulivyopanda ile bodaboda ulikuwa unafuata amri, wanaosema umekosa tawakkul, yaani kumtegemea Allah, hawajui tawakkul. Na kisomo pia kipo, hakipigani na dripu hata kidogo, maswahaba walimsomea Fatiha mtu aliyeumwa na nge akainuka na Mtume akakubali. Weka mkono wa kulia juu ya mwanao usome Allahumma Rabban-naas adh-hibil-ba'sa, ishfi wa Antash-Shaafii, laa shifaa-a illaa shifaauka, shifaa-an laa yughaadiru saqamaa. Huhitaji kumlipa mtu akusomee, wewe mama yake ndo wa kwanza.

Jirani yako Allah amuongoze na amlipe wema wake. Mtume alipohama Makka aliyemuonyesha njia ni Abdullah bin Urayqit na hakuwa Muislamu, alimkabidhi maisha yake, sembuse wewe nauli. Usiingie kwenye mjadala wa dua yake, mshukuru, na deni lake lilipe kabla hujanunua kitu kingine.

Kuku mweusi hapana. Nadhiri ya mzimu haitekelezwi, Bi Aisha (r.a) kapokea kwamba mwenye kuweka nadhiri ya kumuasi Allah basi asimuasi, ipo Bukhari. Kama kuku kashanunuliwa semeni bismillah mchinjeni mumle, mtoto anywe mchuzi, rangi ya manyoya haina kosa lolote. Mavyaa aombe msamaha kwa Mola wake, lakini asiambiwe hayo na wewe, muachie mwanawe au imamu wa hapo mtaani. Wewe muite tu wodini aje amuone mjukuu wake anavyokunywa uji, mpe kiti, mwambie mama msomee Fatiha.

Halafu sindano zikiisha watampa dawa ya mseto, vile vidonge vya malaria, ya kwenda nayo nyumbani, mpe siku 3 zote hata kama ameshaanza kukimbiza kuku uani, na usimgawie mtoto wa jirani.