Presha kushuka akisimama, kupanda akilala
Pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini presha ya mzee inashuka akisimama lakini usiku inapanda. Neva zinazoendesha mishipa ya damu bila hiari zikiharibika, mwili hausawazishi presha mkao unapobadilika.

Anza na kitanda. Inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 30, kitanda kizima kiiname. Mito haitoshi, inakunja shingo tu. Akilala bapa, figo hutoa maji na chumvi nyingi kwa mkojo, na asubuhi kizunguzungu kinazidi. Mchana apumzike kwenye kiti, asijilaze.

Kama anatumia midodrini (dawa ya kupandisha presha), dozi ya mwisho iwe angalau saa 4 kabla ya kulala. Asinywe maji mengi kwa mkupuo karibu na kulala. Kitafunwa chepesi kabla ya kulala, kwa wengi wenye tatizo hili, hushusha presha kidogo.

Dawa ya kushusha presha usiku aamue daktari, kwani akiamka kwenda chooni anaweza kuanguka, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Wekeni chombo cha kukojolea kando ya kitanda. Mpimeni akiwa amelala dakika 5, kisha dakika 3 baada ya kusimama, mwandike vipimo vyote.