Maiki gani itamsikia mchwa?

Sijui ni hizi mvua au nini, ila maswali ya safari hii karibu yote ni ya wadudu.

*Shikamoo fundi. Maiki yangu ya kubana kwenye shati iliwanasa nyenje vizuri tu. Ila mchwa waliomo kwenye boriti, nikipandisha sauti napata "shiii" tupu. Ninunue rekoda nyingine? (Kigamboni)*

Marahaba. Usinunue. Hiyo "shiii" kwa kawaida ni ya maiki yenyewe. Kila maiki ina kelele yake ya ndani, na kiwandani huandikwa kwa desibeli zenye herufi A mwishoni. Maiki nyingi za shati huwa na 25 hadi 30. Mchwa ananong'ona chini ya hapo, kwa hiyo ukipandisha sauti unawapandisha wote wawili. Kwa wadudu wapole tafuta isiyozidi 15: kapsuli (kile kichwa cha maiki kinachonasa sauti) ndogo za Primo EM272 zina 14, na Rode NT1-A, lile jibonge la studio, ina 5 tu.

Lakini mchwa wako yumo ndani ya mti, basi achana na hewa. Chukua kile kisahani cha shaba kinacholia ndani ya saa za kengele (piezo), unganisha waya hadi kwenye rekoda, kigandamize kwenye boriti. Utasikia tk, tk-tk-tk: askari wanagonga vichwa kupeana tahadhari. Mara ya kwanza kuwasikia nilitazama dari kwa jicho jingine kabisa.

Na zima friji. Niliwahi kuwarekodi fukusi kwenye debe la mahindi usiku kucha. Asubuhi nasikiliza, friji ndiyo iliyoimba.

*Ile maiki ndefu ya waandishi wa habari si inavuta sauti ya mbali? (Tabata)*

Haivuti chochote, inapunguza za pembeni tu. Sogea wewe. Kutoka mita 1 hadi nusu mita unapata desibeli 6 za bure. Sentimita 25, unapata 12. Kama mdudu hafikiki, dishi la kukusanyia sauti linasaidia kwa milio myembamba kama ya nyenje. Kwa mvumo wa mbu usihangaike nalo.

*Tukiwa msitu wa Pugu usiku, maiki ya kondensa (ile inayotumia chaji ya umeme) huanza kupasuka-pasuka. Imekufa?*

Imelowa. Unyevu unavujisha chaji ya kapsuli. Hasa ukiitoa kwenye gari lenye kiyoyozi na kuiwasha papo hapo, inatoa jasho kama chupa ya soda. Iache kwenye begi kwanza izoee joto, na nyumbani ilaze kwenye kopo la kufunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Maiki za Sennheiser MKH huvumilia unyevu, ila itabidi uuze kiwanja.

*Nirekodi kwa kilohezi 96, yaani sampuli 96,000 kwa sekunde?*

Kwa nyenje wa kawaida, 48 inatosha, maana hunasa milio hadi nusu yake, 24. Wengi hulia kati ya kilohezi 3 na 8. Jamaa za senene ndio wengine hupita 20, na hapo 96 ina maana, ila maiki nayo iwe inafika.

*Hicho kisahani nakipata wapi?*

Kariakoo, kwa mafundi redio. Usiombe "maiki ya mchwa", watakucheka. Sema kisahani cha kengele.