Jibu: Kwa nini viwanja vya NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, vinang'oa viti?

Umeuliza imekuwaje uwanja wa Daytona ukashuka hadi viti 101,000 kwenye ukarabati wa 2016, ilhali tiketi ndiyo pesa. Huko tiketi si tegemeo kuu. Mpaka 2024, katika kila dola 100 za haki za televisheni, 65 zilikwenda kwa viwanja, 25 kwa timu, 10 kwa NASCAR. Mali halisi ni tarehe kwenye ratiba, yaani nafasi ya kuandaa mbio: uwanja wa North Wilkesboro ulinunuliwa, tarehe zake mbili zikahamishiwa viwanja vya Texas na New Hampshire, ukafungwa 1996.

Viwanja vidogo vya udongo ni habari nyingine kabisa. Vinaishi kwa chakula, bia na kiingilio cha nyuma, yaani eneo la magari na mafundi, ambako dereva na kila fundi wake hulipa, na aghalabu hulipa zaidi ya mtazamaji. Mvua ikishuka jioni mbio hazifanyiki na mikate ya kuuza imeshanunuliwa, hasara ni ya mwenye uwanja.