Je, mfalme Clovis "alisilimu"?

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Mwanafunzi ameandika: "Baada ya Roma kudhoofika, mfalme Clovis wa Wafranki alisilimu na Ulaya yote ikaongoka." Nimekata "alisilimu", lakini mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba kusilimu ni kubadili dini, yoyote ile. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, mwalimu. Kusilimu ni kuingia Uislamu, basi. Clovis alibatizwa na Askofu Remigius mjini Reims, katika Ufaransa ya leo, kati ya mwaka 496 na 508 (wanahistoria bado wanavutana), miongo kadhaa kabla Mtume Muhammad hajazaliwa. Asingeweza kusilimu hata angetaka.

Ila kalamu yako nyekundu imesimama mapema. Mimi hiyo "ikaongoka" inanikera zaidi. Anayeongoka amegeuka moyoni, kama Paulo njiani kwenda Dameski. Sasa, Gregory wa Tours, askofu na mwanahistoria aliyeandika mwishoni mwa karne ya 6, anasimulia kwamba askari zaidi ya 3,000 walibatizwa pamoja na Clovis. Wanajeshi kumfuata mfalme wao kwenye maji ya ubatizo, hilo tunaweza kuliandika. Wangapi kati yao waliongoka, nani ajuaye?

Tazama na Kent, huko Uingereza. Papa Gregori Mkuu alimtuma mtawa Augustine, akafika mwaka 597, na mfalme Æthelberht akabatizwa. Mkewe Bertha, binti wa Kifranki, alikuwa Mkristo tangu kwao. Lakini mwaka 601 Papa bado anaagiza kwamba mahekalu ya miungu yasibomolewe, yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekewa altare, na ng'ombe waliozoeleka kutolewa sadaka wachinjwe kwa karamu ya kumshukuru Mungu. Hao ni watu walio safarini. Kwao ningesema "walianza kuingia Ukristo", au "Ukristo ulienea taratibu". Neno "kubatizwa" liwekwe pale tu tunapozungumzia tendo lenyewe.

Kuna na Reccared, mfalme wa Wavisigothi nchini Hispania. Huyu mwaka 587 hakuingia Ukristo, maana alikuwamo tayari, ila kwa mafundisho ya Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana si sawa na Mungu Baba. Aliuacha Uario akawa Mkatoliki. Alibadili madhehebu, si dini. Ndiyo maana kuwaita Wagothi wote "wapagani", kama vitabu vingine vifanyavyo, ni kosa.

Hispania hiyohiyo ndiko mwenzako angepata pa kulitumia neno lake: baada ya mwaka 711, majeshi ya Waislamu yalipovuka kutoka Afrika Kaskazini, wenyeji wengi walisilimu kadiri vizazi vilivyopita.

"Ulaya yote" nayo ifutwe. Lithuania ilingoja hadi 1387 ndipo ikaupokea Ukristo rasmi. Mwanafunzi aandike: "Baada ya Roma kudhoofika, mfalme Clovis wa Wafranki alibatizwa, na Ukristo ukazidi kuenea miongoni mwa watu wake." Umpe alama zake.