Usimkate mteja pesa ili ujue programu yako inafanya kazi

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Kaka, mtandao ukikatika tu majaribio yangu yote yanafeli. Niyafute?"

Usifute, mdogo wangu. Majaribio, yaani vijiprogramu vinavyokagua programu yako, yanafeli hivyo kwa sababu yanategemea huduma halisi ya mtandaoni. Wakati nimeajiriwa, bosi mmoja alisema mbele ya wenzangu kuwa majaribio ni kazi ya asiye na kazi. Maneno yale sijayasahau. Basi wiki iliyopita, kwenye mfumo wetu wa tiketi za boti za Unguja na Pemba, tumebadilisha kampuni ya malipo. Tumeandika klasi moja mpya, yaani kipande cha programu chenye kazi yake. Klasi ya Tiketi haikuguswa. Angekuwepo aone.

Siri ni kwamba Tiketi haiundi huduma ya malipo ndani yake. Inaipokea kwenye konstrakta (sehemu inayoiunda klasi inapoanza kutumika), kupitia kiolesura, yaani orodha ya kazi ambazo huduma yoyote ya malipo lazima iziweze. Programu yenyewe inapewa huduma halisi, jaribio linapewa moki: kitu cha kuigiza kinachojibu ulivyokipangia. Moki inasema "malipo yamekataliwa", nawe unahakikisha meseji ya risiti haikutumwa. Kwa Mockito, maktaba ya moki ya Java, ni mstari mmoja:

verify(meseji, never()).tuma(any());

Kwa wa PHP, PHPUnit ina createMock ya kuunda moki. Wa Python hamna hata kisingizio cha bando la kupakulia, maana unittest.mock imo ndani ya lugha tangu toleo la 3.3, mwaka 2012.

Utamu wenyewe uko kwenye yale usiyoweza kuyaamrisha yatokee. Abiria kalipa, jibu halirudi, muda umekwisha. Pesa imekatwa au haijakatwa? Iambie moki irushe kosa hilo hilo, kisha dai kiti kibaki "kinasubiri", kisiuzwe kwa mtu mwengine wala tiketi isitoke. Kwa huduma halisi utakaa mpaka alfajiri ukingoja ikwame.

Sasa wapo wanaomoki kila kitu, hadi klasi ya Nauli, ambayo ni hesabu tu ya mkubwa na mtoto. Jamani! Hapo unajaribu majibu uliyoyaandika mwenyewe. Moki ni za vitu vya nje: malipo, meseji, saa. Vijana wenzangu, tuache kujisifu kwa wingi wa alama za kijani za majaribio yaliyofaulu.

Na moki haijui kampuni ikibadilisha muundo wa majibu yake. Kwa hivyo weka majaribio machache yanayogonga seva yao ya majaribio, uyatenge na mengine, uyaendeshe mtandao ukitulia.