Dampo likisimama miaka mingi ndo limeshikamana?

SWALI: Habari zenu. Sisi tunakaa chini ya dampo, mlima umesimama wima miaka na miaka na mvua zote hizi haujaanguka. Baba mwenye nyumba anasema taka zikishakaa sana zinashindiliana zinakuwa kama mwamba. Ni kweli au tuhame? Mama wa watoto watatu, Dar

JIBU: Pole mama, hata mimi ningekosa usingizi. Baba mwenye nyumba kapata nusu tu. Taka zina nguvu kweli, ila ni nguvu ya kufumana, mifuko ya plastiki, matambara, kamba, nywele za bandia, vyote vimesukana humo ndani kama jamvi, ndo maana ukuta wa taka unasimama wima wakati mchanga ukiumwaga tu unatambaa chini. Na hapo ndo watu wanadanganyika.

Mchanga ukiushindilia punje zinajipanga, punje yenyewe haibonyei. Kwenye taka kila kipande chenyewe kinabonyea, boksi, chupa, ganda la ndizi, halafu kinaoza, kwahiyo dampo linashuka miaka na miaka, linaweza kupoteza hata robo ya kimo chake. Na taka za miji yetu nyingi ni za jikoni, zimejaa maji. Mzigo wa juu ukizibana maji yanakamuka, yasipopata pa kutokea yanaanza kuubeba ule mzigo yenyewe, vipande haviumani tena sawasawa, vinateleza. Mvua kubwa ikiongezea hapo basi.

Kiteezi pale Kampala walianza kumwaga 1996, likaporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua, likafukia nyumba za chini na watu zaidi ya 30 wakafa. Payatas kule Ufilipino, Julai 2000, mvua pia, zaidi ya 200. Yote mawili yalikuwa yamesimama miaka mingi tu.

Kwahiyo mama, hameni, na msingoje masika ya Machi. Mkiona nyufa juu zinafuata ukingo, au chini panavimba, au maji meusi yanatokea pasipokuwa pake, tokeni siku hiyohiyo, vyombo mtavifuata baadae. Na kama kuna watu wanachimba mguuni mwa huo mlima, hata kama ni kuokota vyuma, nendeni serikali ya mtaa mkiwa wengi wazuiwe leo, maana mguu ndo unaoshikilia kila kitu kilicho juu yenu.